Mwalimu Nyerere na Kiti cha Kuazima

Siku 44 tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, Waziri Mkuu alikiacha kiti chake. Hakushindwa kwa kura, wala hakupinduliwa na askari. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Julius Kambarage Nyerere akajiuzulu kwa hiari yake, akamwachia kazi ndugu Rashidi Kawawa. Watu wengi walishangaa. Mtu aliyehangaika miaka mingi kuutafuta uhuru, mbona anaondoka kabla kiti hakijapata joto?

Habari hii yafaa tuwasimulie watoto wetu jioni, maana wengi wanazijua tarehe, lakini sababu hawaijui.

Mwana wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa Nyegina, akaitwa Julius. Alifundisha St. Mary's, Tabora, mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada yake. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, naye akawa mwalimu katika shule ya St. Francis, Pugu.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, na yeye akawa rais wake. Machi 1955 alitumwa New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Nauli ilitokana na michango ya watu. Aliporudi alitakiwa achague jambo moja: kufundisha au siasa.

Sisi tuliosomea ualimu twajua maana ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Naye alikuwa na mke na mtoto wa kulea, na TANU haikuwa na fedha. Basi aliandika barua, akaiacha kazi. Alirudi kwao kwa muda, akamfundisha Kizanaki mmisionari mmoja. Baadaye Mama Maria alifungua duka dogo Dar es Salaam ili nyumba isilale njaa. Hicho ndicho kiti cha kwanza alichokiacha.

Kwa nini alijiuzulu?

Tuirudie sasa ile Januari ya 1962. Kabla ya uhuru, TANU ilikuwa na watu wake karibu kila pembe ya nchi. Uhuru ulipokuja, viongozi wake wengi waliitwa serikalini: huyu waziri, yule mkuu wa mkoa. Ofisi za chama zikapoa. Huku vijijini watu wakaanza kudhani kazi imekwisha, na kwamba serikali itawaletea kila kitu, nao wangoje tu.

Nyerere aliiona hatari hiyo mapema: serikali iko mjini na watu wako kijijini, wala hakuna wa kusema nao. Hivyo akatoka ofisini, akaizunguka nchi, akaketi na wakulima na kuwasikiliza. Mwaka huohuo aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa. Vijiji vingi vilichimba barabara na kujenga shule kwa kujitolea.

Novemba 1962 alichaguliwa kuwa Rais, na tarehe 9 Desemba nchi ikawa Jamhuri. Wapo watakaosema, "Kumbe alirudi, tena kwenye kiti kikubwa zaidi!" Ni kweli, alirudi. Lakini alirudi akitoka kijijini.

Tuseme kweli yote

Marehemu hasifiwi kwa kufichiwa mambo. Mwalimu alikaa juu ya kiti hicho miaka karibu 23. Tangu 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria, na wananchi walipiga kura ya Ndiyo au Hapana kwa jina lake tu. Kulikuwa na sheria ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, nayo ilitumika. Shule za misheni, pamoja na Pugu yake mwenyewe, zilitwaliwa na serikali. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji, na wengi hawakuulizwa kama wanapenda.

Upande wa pili wa hesabu nao una mambo yake. Watoto wa wakulima waliandikishwa shule nchi nzima. Watu wazima walijifunza kusoma na kuandika. Makabila zaidi ya 120 yalizoea kusema Kiswahili kama ndugu. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Tena hakuona haya kukiri. Mwaka 1984 alisema wazi kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Wakulima wa kahawa na pamba, ambao vyama vyao vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, wanajua uzito wa neno hilo.

Kung'atuka

Mwaka 1985 duka nyingi zilikuwa tupu. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya kumtoa Idi Amin, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuondoka. Hata hivyo, tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi nchi, na mwaka 1990 akaacha na uenyekiti wa chama. Neno alilolitumia alilitoa kwao: kung'atuka. Katika desturi ya Wazanaki, rika la wazee huwaachia vijana uongozi, nao hubaki kuwa washauri. Leo neno hilo ni la Waswahili wote.

Alirudi Butiama akalima. Aliandika tenzi za Injili, zilizochapishwa 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama alikozaliwa.

Na sisi je?

Msomaji mpendwa, kazi yangu ya ukarani ni kuandika mihutasari ya mikutano. Naona ugomvi mwingi hautoki kwa watu wabaya. Unatoka kwa mwenyekiti mwema aliyekaa mno, au mweka hazina anayedhani daftari ni mali ya nyumba yake. Nyumbani ni vivyo hivyo: baba ana miaka 75, mwana ana 45 na wajukuu wanne, lakini hata mti wa kukata kuni hajui kama ni wake. Baba akifa ghafla, ndugu hukutana mahakamani.

Mzee anayeng'atuka hafukuzwi. Abaki pale kwenye kigoda chake na kuulizwa mambo. Lakini aonyeshe mipaka ya shamba angali hai, mbele ya majirani. Akabidhi daftari likiwa limejumlishwa. Amtaje mrithi wake wakati angali na nguvu za kumrekebisha.