Kiwango cha Upatanifu: Jambo Lenyewe na Istilahi Zake

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza watafsiri wa hati za zabuni na miongozo ya mitambo ni neno "kiwango". Maana yake ya kawaida haina shaka: ni kipimo, daraja, au ubora unaotakiwa. Saruji ina viwango vyake, unga una viwango vyake, na mashirika ya kusimamia mambo hayo yaliundwa kwa sheria, Kenya mwaka 1974 na Tanzania mwaka 1975. Lakini katika habari za kompyuta neno hili limebeba pia maana nyingine, nayo ni makubaliano baina ya watengenezaji kuhusu namna mitambo yao itakavyopokezana habari. Maana hizi mbili zisipotenganishwa, ofisi yaweza kununua mtambo wa kiwango cha juu kabisa ambao hausomani na mtambo ulio katika chumba cha pili. Katika makala haya tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutapendekeza istilahi.

1. Ugumu uko kwenye viungo

Taasisi kubwa, iwe benki, bandari, hospitali ya rufaa au wizara, haitumii mfumo mmoja. Mishahara ina mfumo wake, ghala lina wake, hesabu zina wake, na aghalabu kila mmoja umenunuliwa kwa mtengenezaji tofauti na katika mwaka tofauti. Kila mfumo peke yake waweza kuwa mwepesi. Ugumu huzaliwa pale mmoja unapotakiwa kupeleka habari kwa mwingine, kwa kuwa hapo hapana budi pawepo mkalimani, yaani programu ya kugeuza habari za mfumo huu zieleweke katika mfumo ule.

Hesabu yake si ngumu. Mifumo 5 ikitakiwa kusomana yote, jozi zake ni 10. Mifumo 10 ina jozi 45, na mifumo 20 ina jozi 190. Kutoka mifumo 5 hadi 20, mifumo imeongezeka mara 4, na wakalimani wameongezeka mara 19. Tena kila mkalimani huyo lazima aandikwe, ajaribiwe, na arekebishwe kila mara mfumo mmojawapo unapobadilishwa. Watengenezaji wakikubaliana namna moja ya kupokezana habari, mifumo 20 itahitaji viungo 20 tu. Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa sana faida hii. Watu wa makabila ishirini wakikutana sokoni, hawajifunzi lugha za wenzao wote. Kila mmoja hujifunza lugha moja ya sokoni, na biashara huendelea.

2. Mfano wa herufi

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu ni wa herufi. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Kwa hiyo kila herufi hupewa nambari yake, na orodha ya nambari hizo huitwa msimbo. Mwaka 1963 ilitolewa Marekani orodha ya pamoja iitwayo ASCII. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM, ingawa wataalamu wake walikuwa wameshiriki katika kuiandaa ASCII, ilitangaza mitambo ya System/360 iliyotumia orodha yake yenyewe, iitwayo EBCDIC. Katika ASCII herufi A ni 65. Katika EBCDIC ni 193.

Tofauti haikuishia kwenye nambari. Katika ASCII tarakimu hutangulia herufi; katika EBCDIC tarakimu hufuata baada ya herufi. Basi mitambo miwili ikiagizwa kupanga viwanja kwa majina yake, mmoja utaweka kiwanja 7B kabla ya B7, na mwingine utaweka B7 kabla ya 7B. Kila mmoja umefanya kazi yake sawasawa kwa mujibu wa orodha yake. Daftari mbili zikiunganishwa ndipo kasoro huonekana, na karani ndiye hulaumiwa.

Serikali ya Marekani, ikiwa mnunuzi mkubwa, iliingilia kati. Mwezi Machi 1968 Rais Lyndon Johnson aliagiza kwamba kompyuta zitakazoingia katika mali ya serikali kuu kuanzia tarehe 1 Julai 1969 ziwe na uwezo wa kutumia ASCII. Agizo hilo halikuiua EBCDIC, ambayo hata leo hutumika katika mitambo mikubwa ya IBM. Lakini lilionyesha kwamba makubaliano ya watengenezaji hupata nguvu pale mnunuzi anapoyaandika katika masharti yake.

ASCII nayo ilikuwa na nafasi 128 tu. Herufi za Kiswahili zilienea humo bila shida, kwa kuwa hati yetu ya Kilatini haina viambatisho juu ya herufi. Kifaransa, Kiarabu, Kihindi na Kichina hazikuenea. Kila mtengenezaji na kila nchi ikajitungia nyongeza, na wakalimani wakaongezeka upya. Ndipo washindani wenyewe walipoketi pamoja: kazi iliyoanzishwa na wataalamu wa Xerox na Apple mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizaa Jumuiya ya Unicode mwaka 1991, kwa kusudi la kuipa kila herufi ya kila lugha nambari moja isiyogongana na nyingine. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuziandika nambari hizo iitwayo UTF-8, ambayo huyaacha maandishi ya zamani ya ASCII yalivyo. Leo utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu na tafsiri yake ya herufi za Kilatini vyaweza kukaa katika faili moja.

Yafaa kuuliza kwa nini washindani walikubali. Hakuna aliyekuwa akiuza nambari ya herufi A. Waliuza wepesi wa mitambo, uimara wake na huduma, na katika hayo ushindani wao uliendelea. Kiwango cha pamoja hushika kwa urahisi mahali ambapo tofauti humgharimu kila mtu na haimpi yeyote faida ya kudumu.

3. Mipaka ya makubaliano

Hata hivyo kiwango kilichoandikwa si lazima kiwe kiwango kinachofuatwa. Tuchukue SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Ilikubaliwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1986 na cha kimataifa mwaka 1987. Lakini kila mtengenezaji aliongeza maneno yake juu ya yale ya pamoja, hata mafundi wenyewe husema kwamba SQL ina lahaja. Mnunuzi aliyejenga kazi zake zote juu ya nyongeza za muuzaji mmoja hugundua, siku anapotaka kuhama, kwamba amefungwa.

Sisi wa lugha tunalo funzo letu wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia maandishi ya vitabu vya shule kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Faida ilikuwa kubwa: kitabu kimoja kiliweza kusomwa katika nchi zote nne. Lakini uamuzi ulifanywa chini ya tawala za kikoloni, na lahaja yenye fasihi kongwe kama Kimvita ikabaki kando. Asiyekuwapo mezani hupangiwa. Jambo hili ni kweli kwa herufi na mitambo kama lilivyo kweli kwa lugha.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Neno "kiwango" limo katika sheria na katika majina ya mashirika, kwa hiyo haifai kuliacha. Tunapendekeza liongezewe sifa pale panapohitajika:

Kiwango cha ubora: kipimo ambacho kitu chenyewe kinatakiwa kukifikia.

Kiwango cha upatanifu: makubaliano yaliyoandikwa ya kuwezesha vitu vya watengenezaji mbalimbali kufanya kazi pamoja. Walimu watalitambua neno hili upesi, kwa kuwa tayari tunasema "upatanisho wa kisarufi" pale maneno mawili yanapokubaliana katika sentensi.

Kusomana: kwa mifumo miwili, kupokezana habari na kuzielewa bila mkalimani. Neno hili limekwisha kuzoeleka maofisini, nasi hatuoni sababu ya kutafuta jingine.

Itifaki: utaratibu wa hatua zinazofuatwa na mitambo katika kupokezana habari.

Muuzaji au mtengenezaji: kampuni inayouza au kuunda mtambo. Neno "mchuuzi", linaloonekana katika tafsiri kadhaa, halifai, kwani mchuuzi ni mtu wa biashara ndogo ndogo.

Kompyuta: tunalitumia neno hili, ingawa "tarakilishi" na "ngamizi" nayo yamo katika maandishi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba hati moja isiyatumie mawili, msomaji asije akadhani vinatajwa vyombo viwili.

5. Jambo lililo mikononi mwetu

Liko jambo dogo la upatanifu ambalo hakuna mtengenezaji atakayetuamulia. Alama tunayoiandika katika "ng'ombe" au "Chang'ombe" yaweza kuwekwa kwa nambari tofauti za Unicode: 39, ambayo ni alama iliyonyooka ya kibodi, 8217, ambayo ni alama iliyopinda, na ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, au 700, ambayo huhesabiwa kuwa herufi. Kwa macho ni karibu kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu, na mtu ambaye jina lake lina ng' aweza kuwa na kumbukumbu katika daftari la kuzaliwa na akakosekana katika daftari la pensheni. Ni juu ya vyombo vya lugha, pamoja na wenye dhamana ya kumbukumbu za serikali, kuchagua nambari moja na kuitangaza.

Kwa sasa, mtafsiri au mtumishi anayeandaa zabuni asitosheke na sentensi "mfumo uwe wa kiwango cha juu". Na aandike: "mfumo utoe na upokee maandishi yote kwa UTF-8, na usomane na mifumo iliyopo bila kutegemea nyongeza za muuzaji." Sentensi hiyo muuzaji aweza kujaribiwa kwayo.