Uyoga na Majina Yake: Mafunzo kutoka Misitu ya Ufini

Walimu na wanafunzi wengi wa Kiswahili wamewahi kulisikia jina la Helsinki kutokana na hazina kubwa ya matini za Kiswahili iliyokusanywa katika chuo kikuu cha mji huo. Ni wachache wanaofahamu kwamba, ifikapo Agosti na Septemba, wenyeji wa nchi hiyo huchukua vikapu na visu vidogo wakaingia msituni kuchuma uyoga. Makala haya yanaeleza desturi hiyo pamoja na jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha: namna majina ya uyoga yanavyobeba maarifa ya kulinda uhai.

Haki ya kila mtu

Zaidi ya asilimia 70 ya ardhi ya Ufini ni misitu, na sehemu kubwa ya misitu hiyo ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo, mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kuchuma uyoga bila kumwomba mwenye msitu ruhusa, mradi asiingie kwenye ua wa nyumba za watu wala asifanye uharibifu. Haki hii iliitwa jokamiehenoikeus: joka ni "kila", mies ni "mtu" au "mwanamume", na oikeus ni "haki". Kwa kuwa mies humtaja mwanamume pia, siku hizi maandishi ya serikali hutumia jokaisenoikeus, yaani "haki ya kila mmoja". Pamoja na uhuru huo, mahali penye uyoga mzuri hufanywa siri, na si ajabu jirani kumficha jirani.

Sarufi ya msituni

Uyoga kwa Kifini ni sieni. Kutokana na nomino hiyo huundwa kitenzi sienestää, "kuchuma uyoga", kama vile kala, "samaki", inavyozaa kalastaa, "kuvua", na metsä, "msitu", inavyozaa metsästää, "kuwinda". Aidha, Mfini husema mennä sieneen (kwenda kuchuma uyoga), olla sienessä (kuwa huko) na tulla sienestä (kurudi kutoka huko). Kifini hubadilisha kiambishi mara tatu, ilhali Kiswahili hutosheka na -ni moja: kwenda msituni, kuwa msituni, kutoka msituni. Kwetu sisi, kitenzi ndicho kinachoonyesha mwelekeo.

Chakula cha watu au cha ng'ombe?

Isidhaniwe kuwa Wafini wote walikula uyoga tangu zamani. Magharibi mwa nchi wengi waliudharau wakiuona chakula cha mifugo. Hadi leo uyoga mmoja huitwa lehmäntatti, na lehmä ni "ng'ombe". Mashariki, hasa Karelia, mambo yalikuwa tofauti. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi walijizuia kula nyama na maziwa wakati wa mfungo, na uyoga uliohifadhiwa kwa chumvi ulikuwa kitoweo muhimu. Baada ya vita vya 1939–1940 na 1941–1944, sehemu kubwa ya Karelia ilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti, na watu zaidi ya 400,000 walihamishiwa sehemu nyingine za Ufini. Walikwenda na mapishi yao, na majirani wapya wakajifunza kwao.

Duara la mchawi

Uyoga huota ghafla baada ya mvua, na mara nyingine huota kwa kufuata duara. Watu wa kale walilihusisha duara hilo na uchawi, likaitwa noidankehä: noita ni "mchawi", kehä ni "duara". Sayansi inaeleza kwamba nyuzi za uyoga hukua chini ya ardhi kutoka katikati kwenda nje pande zote. Imani imefifia, lakini neno limebaki na kupata maana mpya: hali mbaya inayojizaa yenyewe, kama umaskini unaoleta maradhi na maradhi yanayoleta umaskini. Wafini husema pia kwamba vitu vimetokea "kama uyoga wakati wa mvua", usemi ulio karibu sana na wetu wa kuzuka kama uyoga.

Jina linaloonya na jina linalonyamaza

Yapo majina yenye onyo ndani yake. Suippumyrkkyseitikki, uyoga unaoharibu figo, lina neno myrkky, "sumu". Onyo hilo lina maana, kwani uyoga huo huota kwenye misitu ileile ya suppilovahvero, ambao ni chakula kinachopendwa sana. Lakini yapo majina yasiyosema kitu. Valkokärpässieni maana yake ni "uyoga mweupe wa nzi" tu, ingawa sumu yake huharibu ini na haiondolewi kwa kupikwa. Korvasieni ni "uyoga wa sikio" tu, nao ukiliwa mbichi unaweza kuua. Wafini huuthamini, lakini huuchemsha mara mbili kwa maji mengi, angalau dakika tano kila mara, na kuyamwaga maji hayo. Unapouzwa sokoni sharti uambatane na maelezo ya namna ya kuutayarisha, na maelezo hayo hutolewa kwa lugha mbalimbali kwa ajili ya wageni.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu na mfasiri inapoonekana. Anayefasiri korvasieni kwa neno "uyoga" peke yake hajakosea kisarufi, lakini amemwachia msomaji chungu cha sumu. Tunapendekeza zoezi hili darasani: kila mwanafunzi awaulize wazee wa kwao majina ya uyoga katika lugha mama, upi huliwa, upi hauliwi, na jina lina maana gani. Kisha darasa lijaribu kuyaeleza yote hayo kwa Kiswahili. Mzee anayeyajua akiondoka bila kuulizwa, uyoga utaendelea kuota kila mvua, ila hatakuwapo wa kutuambia upi ni upi.