Stempu ya Berlin, muhuri wa Lamu

Stempu yenyewe ni ya kawaida kabisa: ya Ujerumani ya miaka ya 1880, sawa na zilizobandikwa kwenye barua za Berlin na Hamburg. Anachokitafuta mkusanyaji ni wino mweusi uliogongwa juu yake: duara, tarehe katikati, na jina Lamu.

Wajerumani walifungua posta yao ndogo Lamu tarehe 22 Novemba 1888, enzi walipokuwa wameweka mguu Witu, ng'ambo ya bara. Stempu za koloni zilikuwa bado hazijatengenezwa, wakatumia za kwao bila alama yoyote ya Afrika. Ndipo ukaja mkataba wa Julai 1890. Ujerumani ilipata kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Witu ikaachiwa Waingereza, na Unguja ikawekwa chini ya ulinzi wao. Posta ya Lamu ikafungwa 31 Machi 1891. Ile ya Kijerumani ya Unguja, iliyofunguliwa Agosti 1890, haikutimiza hata mwaka. Ukiondoa muhuri, hakuna kitu kwenye stempu hizo kinachoonyesha kwamba ziliwahi kuvuka bahari.

Kwa Tanganyika, iliyokuwa koloni ya Wajerumani, hadithi ni ndefu zaidi. Mwaka 1893 zilitoka stempu zilizopigwa chapa ya pesa, maana rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye zikaja zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari. Mihuri ya Tanga na Dar es Salaam huonekana mara kwa mara. Ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo kwenye Ziwa Tanganyika, ni nadra kuliko hiyo, na kwangu mimi ndiyo yenye mvuto zaidi.

Waghushi nao wamo. Baadhi ya stempu za mwisho za koloni hii ziliuzwa Berlin tu, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga njia za meli. Ukiiona mojawapo imegongwa muhuri wa Tabora, hiyo ni kazi ya mjanja.

Kinachoniuma ni mazoea ya kuloweka bahasha ili stempu ibanduke. Mara nyingi nusu ya duara huwa imeangukia kwenye karatasi: stempu inabaki na “LA”, na “MU” inatupwa pamoja na anwani na mihuri ya njiani. Mwenye barua ya zamani kabatini asiikate wala asiitie maji kabla mjuzi hajaitazama.