Kichungi mu sanduku ya barua-pepe: kinasaidia kazi, lakini kinaweza pia kumuficha mwizi

Ku Lubumbashi, ku Likasi na ku Kolwezi, fundi wa kuchomelea, mwenye kuuza viatu vya kazi ao mwenye kampuni ndogo ya kubeba mizigo anajua vizuri namna kazi inakuja siku hizi. Mara mingi haiji ku mulango. Inakuja kwa barua-pepe. Ni ile tunaita demande de cotation: kampuni kubwa inasema inahitaji vitu gani, ngapi, na siku ya mwisho ya kutuma bei ni gani. Mara ingine wanatoa siku mbili tu. Mwenye hakujibu, kazi inaenda kwa mwingine, na hakuna mutu atamupigia telefone kumuuliza juu ya nini alinyamaza.

Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance, kazi za namna hiyo zinapashwa kuendea kampuni zenye mutaji mukubwa ni wa Wakongomani. Njo maana barua moja yenye haikusomwa inaweza kuwa na bei kali kwa nyumba nzima: masomo ya watoto, mushahara wa wafanyakazi watatu ao wane, deni ya duka.

Na ukiangalia vizuri, barua haikupotea. Ilifika. Ilizikwa chini ya matangazo ya viatu, habari za banki, mesaje za mitandao, na barua za watu wenye wanaahidi urizi wa mutu hata hamumujue. Leo tunataka kuzungumuza juu ya chombo kimoja chenye kiko ndani ya sanduku ya kila mutu, bila kulipa franga hata moja, lakini wengi hawajakifungua: kichungi, ku Kifransa filtre. Tutaonyesha kazi yake, kisha tutaonyesha hatari yake, juu hatari iko, tena kubwa.

Kichungi kinafanya nini?

Mama mwenye anatayarisha bukari anapitisha unga mu kichungi: laini inashuka, makapi yanabakia juu. Ile ya barua-pepe inafanya vilevile, lakini haiangalie ukubwa wa kitu. Inaangalia maneno. Munaipatia kanuni moja yenye sehemu mbili: kama barua iko namna hii, basi fanya hivi. Kama inatoka kwa mutu fulani, weka alama. Kama ku kichwa yake kuko neno fulani, iondoe mbele ya macho na uiweke ku pembeni.

Ku Gmail, kazi hiyo inafanyika kwa mashine ya wenye kutunza barua, hapana mu telefone yenu. Hata kama moto umekatika tangu asubui na telefone imezimika, barua zinaendelea kupangwa. Mukiwasha mangaribi, munakuta kila kitu ku fasi yake. Programu kama Thunderbird ni tofauti: vichungi vyake vinafanya kazi mu ordinatere yenyewe, kwa hiyo inaomba ordinatere ikuwe inawaka na programu ikuwe wazi.

Shida yenyewe haiko ya leo. Ray Tomlinson alituma barua-pepe ya kwanza kati ya mashine mbili za mutandao wa ARPANET ku Marekani mu mwaka wa 1971. Miaka saba tu kisha, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mwenye kuuza ordinatere za kampuni DEC, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 wenye hawakuomba kitu. Wengi walikasirika, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mu mwaka wa 1990 kukatoka procmail, programu ya kupanga barua kwa kanuni. Mu 2001, wataalamu wa intaneti wakakubaliana juu ya lugha moja ya kuandika kanuni hizo, na wakaiita Sieve. Kwa Kiingereza, jina hilo ni kichungi, kile kile cha unga.

Namna ya kutengeneza kimoja ku Gmail

Jambo la kwanza: ile programu ya Gmail mu telefone haina fasi ya kutengeneza kichungi. Inaomba ordinatere, ya ku kazi ao ya ku cyber. Mwenye hana ordinatere anaweza kuingia ku Gmail kupitia Chrome mu telefone na kuomba « Version pour ordinateur ». Maandishi yatakuwa madogo, lakini inawezekana. Mukienda ku cyber, musisahau kufunga konti mbele ya kutoka.

Juu kabisa ya ekrani kuko fasi ya kutafutia barua. Ku mwisho wake, upande wa kuume, kuko alama ndogo. Mukiifinya, kadirisha kanafunguka. Ku « De » muandike adresi ya mwenye kutuma. Kama munataka barua zote za kampuni moja, muandike tu ile sehemu yenye iko kisha ya @. Ku « Objet » muandike maneno ya kichwa. Ku « Contient les mots » muandike maneno yenye munatafuta ndani ya barua.

Mbele ya kuendelea, mufinye kwanza « Rechercher ». Gmail itaonyesha barua za zamani zenye kichungi kingeshika. Hapo munaona wazi kama kanuni yenu ni nzuri ao inabeba pia vitu vyenye havikupashwa. Kama mumeridhika, murudie ku kadirisha na mufinye « Créer un filtre ». Sasa munachagua cha kufanya: « Appliquer le libellé » kwa kuweka alama yenye jina, kutia nyota, kuzuia isitupwe ku Spam, kuiondoa ku boîte de réception, ao « Supprimer ».

Kanuni tatu zenye zinatosha kwa kuanza

Ya kwanza ni ya watu wenye kuwapatia kazi. Muandike adresi za wateja wenu, za banki yenu, za masomo ya watoto. Kati ya adresi na adresi muweke neno OR, kwa herufi kubwa. Mupatie barua hizo nyota, alama yenye jina kama « Wateja », na museme zisiende hata siku moja ku Spam. Hii njo kanuni ya maana kupita zingine zote. Wengi wanaanza na kufukuza takataka. Ni vizuri kuanza na kulinda mbegu.

Ya pili ni ya matangazo yenye munapenda kusoma siku ingine. Muyaondoe ku boîte de réception, muyapatie alama « Matangazo », basi. Yako salama, hayasumbue. Siku ya Yenga kisha kanisa, mutafungua na kuangalia.

Ya tatu ni ya karatasi za makuta: facture, proforma, bon de commande. Ile siku wa mupango wa kodi atawaomba facture ya mwezi wa tatu, hamutaitafuta tena muzima wa usiku.

Kuko pia ufundi moja mudogo. Ku Gmail, mutu anaweza kuongeza alama ya + na neno moja kisha ya jina lake, mbele ya @, na barua itafika tu kwake. Mukiandikisha jina fasi fulani, mutoe adresi yenye +duka ao +masomo. Kichungi kitajua mara moja barua ilipitia mulango gani, na ninyi mutajua nani aliuzisha adresi yenu.

Mashine inasoma maneno, haisome maana

Sasa tufike ku hatari. Tuchukue mufano wa neno « offre ». Mutu amechoka na « offre spéciale », « offre du mois », « offre à ne pas manquer ». Kwa hasira anatengeneza kanuni: barua yote yenye kuwa na neno « offre » ifutwe. Siku hiyo sanduku inakuwa safi kama uwanja wenye umefagiwa. Lakini barua yenye kichwa « Appel d'offres » inaweza kubebwa pia, na « Offre d'emploi » inabebwa bila wasiwasi. Kichungi hakikosee; kilitii vile kiliambiwa.

Barua yenye imefutwa inaingia ku Corbeille, na Gmail inaifuta kabisa kisha siku 30. Ku Spam ni vilevile. Kwa mwenye anaangalia Corbeille mara moja kwa miezi tatu, hakuna tena cha kuokota.

Kwa hiyo tunashauri hivi: musitumie « Supprimer » mu kichungi kama hamuna sababu nguvu sana. Muondoe barua ku macho, lakini muitunze. Muweke maneno mawili ao matatu kati ya alama za « guillemets » za klavye, zile za kusimama, juu Gmail itafute maneno yote pamoja. Na mupende kuchunga kwa adresi ya mwenye kutuma kuliko kwa neno moja lenye kila mutu anatumia.

Wakati kanuni inaandikwa na mwizi

Hatari ya pili haitoke kwetu. Mwizi mwenye ameingia mu konti ya mutu, mara mingi haibadilishe kitu chenye kinaonekana. Neno la siri analiacha. Anaingia polepole ku fasi ya vichungi na kuandika kanuni yake: barua yenye kuwa na « facture », « paiement » ao « virement » ihamishwe ku pembeni, iwekwe alama kama imesomwa, na kopi itumwe ku adresi yake. Kisha anangoja.

Siku mwenye konti anatuma facture ya kweli, mwizi anaisoma. Anamuandikia muteja, kwa jina na kwa maneno ya mwenye konti: « Tumebadilisha banki, mulipe ku namba hii. » Muteja akijibu kuuliza, jibu linashikwa na kichungi, mwenye konti halione. Wote wawili wanaamini kama wanazungumuza, kumbe kila mumoja anazungumuza na mwizi. Wizi wa namna hii unagusa kampuni kubwa na ndogo: ripoti ya FBI ya Marekani juu ya mwaka wa 2023 ilihesabu zaidi ya dola miliare 2,9 zenye zilipotea kwa njia hiyo, na hiyo ni kwa wale tu wenye walitoa mashitaki kwake.

Na hapa njo watu wengi wanaanguka: kubadilisha neno la siri haifute kanuni. Mwizi anatoka ku mulango, lakini mutumishi wake anabakia ndani na kuendelea kumutumia barua.

Kwa kuangalia, inaomba dakika tano. Ku Gmail, mufinye alama ya paramètres, kisha « Voir tous les paramètres ». Kuko fasi mbili za kufungua. Ya kwanza ni « Filtres et adresses bloquées »: musome kila kanuni, na yenye hamujue, muifute. Ya pili ni « Transfert et POP/IMAP »: muangalie kama barua zenu hazitumwe ku adresi ya mutu mwingine. Ku Outlook, muende ku « Règles » na ku « Transfert ». Mukikuta kitu, mukifute, mubadilishe neno la siri, muweke « Validation en deux étapes », na mujulishe wateja wenu kwa telefone, hapana kwa barua-pepe. Kuingia mu konti ya mutu bila ruhusa ni kosa mu inchi yetu. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaliazibu.

Na mwenye kulipa pia ana kazi yake. Facture ikifika na namba mupya ya banki, mupige kwanza telefone, ku ile namba mulikuwa nayo tangu zamani, hapana ile yenye imeandikwa mu barua mupya.

Nani anashika funguo?

Mu kampuni ndogo mingi, adresi ni moja na watu wenye kuifungua ni watatu: mukubwa, sekretere, na yule kijana mwenye anajua ordinatere. Kijana anatengeneza vichungi, anapata kazi fasi ingine, anaenda. Kanuni zake zinabakia. Pengine moja ilikuwa inatuma kopi za facture ku adresi yake mwenyewe, juu ya kumurahisishia kazi, bila roho mbaya. Miaka miwili kisha, bado inatuma.

Tunawaomba wenye kampuni wafanye jambo moja siku mufanyakazi anaaga: pamoja na funguo za depo na kaye ya makuta, aonyeshe pia orodha ya vichungi, moja kwa moja, na kila moja inafanya nini. Yenye hakuna mutu anaweza kueleza, ifutwe hapo hapo, mbele hajatoka.