Bei ya Kumsubiri Senta

Katika NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, ni maamuzi machache yanayozua ubishi mrefu kama ule wa kumtoa mchezaji aliyekwisha kukomaa ili kumpata senta kijana ambaye kimo chake kinaonekana kwa macho lakini uwezo wake haujathibitishwa. Senta ni mchezaji anayesimama karibu zaidi na kikapu, ambaye kazi yake ni kuzuia mitupo ya wapinzani, kudaka mipira inayogonga ringi na kurudi, na kumalizia mashambulizi kwa umbali mfupi. Kwa msomaji wa Tanzania suala hili lina sura ya nyumbani, kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, alihamishwa kwa namna hiyohiyo tarehe 24 Februari 2011, kutoka Memphis Grizzlies kwenda Houston Rockets, na hadi leo kuna wanaouona uhamisho huo kuwa upumbavu wa Houston na wanaouona kuwa kosa la mchezaji mwenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba makundi yote mawili hupima kitu kisichohusika, kwani kilichonunuliwa siku ile hakikuwa kimo wala kipaji, bali muda, na muda ndio ambao hakuna aliyekuwa nao wa kutosha.

Ili ubishi huo ueleweke, ni lazima kwanza ufahamike utaratibu wenyewe, ambao ni mgeni kwa mtu aliyelelewa na michezo ya Arusha. Fahari ya michezo katika jiji hili na mkoa wake ni riadha, kuanzia Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, hadi Alphonce Simbu, ambaye amekuwa akijinoa Arusha na ambaye mwezi Septemba 2025 alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Mwanariadha hauzwi wala habadilishwi, kwa kuwa miguu ni yake na ushindi ni wake. Mwanasoka huuzwa, lakini baada ya klabu mbili kuelewana bei yeye mwenyewe hukaa mezani kujadili mshahara wake, na akikataa, uhamisho hufa. Katika NBA mambo ni tofauti kabisa: klabu hubadilishana mikataba ya wachezaji kama ilivyo, mchezaji huamka na kuambiwa kuwa sasa anafanya kazi katika mji mwingine, na ridhaa yake haihitajiki isipokuwa kwa wachache sana wenye kifungu maalumu katika mikataba yao.

Fedha taslimu huruhusiwa kwa kiasi kidogo tu, hivyo malipo hufanywa kwa wachezaji na kwa haki za kuchagua vijana katika drafti, yaani hafla ya kila mwaka ambamo klabu hupokezana zamu za kuchukua wachezaji wapya, huku zamu za mwanzo zikiangukia kwa kawaida klabu zilizofanya vibaya msimu uliopita. Pamoja na hayo kuna ukomo wa jumla ya mishahara, na klabu iliyokwisha kuvuka ukomo huo hairuhusiwi kupokea mishahara inayozidi sana ile inayoitoa. Kwa kanuni za mwaka 2011 nyongeza hiyo ilikuwa robo moja na kitu kidogo juu yake. Kwa sababu hiyo mchezaji huweza kuingizwa katika mabadilishano si kwa ajili ya uchezaji wake, bali kwa ajili ya tarakimu za mkataba wake na tarehe ya kwisha kwake.

Thabeet alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, jambo ambalo mashabiki husahau haraka kuliko yote, kwa kuwa wenzake wa Marekani aliokuja kupambana nao walikuwa wameushika mpira tangu wangali watoto wadogo. Kutoka Dar es Salaam alikwenda kusoma sekondari mjini Houston, kisha akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako katika msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, mipira 10.8 ya kurudi na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Mwezi Juni 2009 Memphis ilimchagua wa pili katika drafti nzima, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Harden na Curry wote walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi, na ni vigumu kupata mjadala wowote kuhusu Thabeet ambao hauishii katika kuyataja majina hayo mawili, kana kwamba kijana huyo ndiye aliyejichagua.

Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1, na mwezi Februari 2010 Memphis ilimpeleka katika ligi ya chini ya kukuza wachezaji, akawa hadi wakati huo mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu zaidi kuwahi kushushwa huko. Wengi walilichukulia tukio hilo kuwa aibu, ingawa kwa mtu mwenye miaka michache tu ya mchezo huenda lilikuwa jambo la busara zaidi kufanyika katika safari yake yote ya NBA, kwa kuwa huko angalau alipewa dakika za kucheza na kukosea. Memphis hazikuwapo dakika hizo. Marc Gasol, senta wa Kihispania aliyejiunga na klabu mwaka mmoja kabla ya Thabeet, alikuwa akikua kwa kasi na baadaye angetangazwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, na Zach Randolph, aliyewasili katika majira yaleyale ya joto ya 2009, alikuwa amekwisha kuishika nafasi ya pili iliyo karibu na kikapu. Klabu ilitumia zamu yake yenye thamani kubwa kuliko zote kununua kitu ambacho haikuwa na mahali pa kukiweka, na hilo ni kosa la mnunuzi.

Kwa upande wa Memphis, basi, uhamisho wa Februari 2011 ulikuwa njia ya kulisahihisha kosa hilo. Klabu ilimtoa Thabeet pamoja na DeMarre Carroll na haki yenye masharti ya chaguo la raundi ya kwanza katika drafti ya baadaye, ikampata Shane Battier, mlinzi mzoefu ambaye yeye mwenyewe alianzia Memphis mwaka 2001, pamoja na Ish Smith. Matokeo yalikuja kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Hadi mwaka huo Grizzlies walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano katika historia yao na kupoteza zote 12. Tarehe 17 Aprili 2011, mjini San Antonio, Battier alitupa mpira kutoka nje ya mstari wa pointi tatu katika sekunde za mwisho, Memphis ikashinda 101 kwa 98, na klabu iliyoingia ikiwa ya nane ikaiondoa iliyokuwa ya kwanza kwa mechi nne kwa mbili. Ukilitazama pambano hilo peke yake, mjadala umekwisha.

Lakini haujakwisha, kwa sababu uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Houston ilikuwa imempoteza Yao Ming, senta wa Kichina mwenye kimo cha mita 2.29, ambaye msimu huo alicheza mechi 5 tu kabla ya mguu kumsaliti tena na ambaye alistaafu mwezi Julai. Dikembe Mutombo, aliyekuwa akimsaidia, alikuwa amemaliza safari yake kwa jeraha la goti mwaka 2009. Na aliyekuwa akianza katika nafasi ya senta, Chuck Hayes, alikuwa na kimo cha takribani mita 1.98, yaani mfupi kuliko wengi wa mawinga aliokutana nao. Aidha, mkataba wa Battier ulikuwa unakwisha msimu uleule, na kweli mwezi Desemba alikwenda Miami, alikotwaa ubingwa mara mbili. Houston ilitoa miezi michache ya mtu ambaye pengine angeondoka bure, ikapokea kijana wa miaka 24 na chaguo la drafti juu yake. Kwa hesabu hiyo bei ilikuwa ndogo, na anayeuita uamuzi huo upumbavu anapaswa kusema nani mwingine mwenye kimo hicho angepatikana kwa bei hiyo.

Makosa ya Houston yalianza baada ya ununuzi. Thabeet alivaa jezi ya klabu hiyo katika mechi zisizofika 10, kisha mwezi Machi 2012 akapelekwa Portland pamoja na Jonny Flynn na chaguo la raundi ya pili, ili Houston impate Marcus Camby, senta aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 38. Kwa maneno mengine, klabu iliyonunua wakati ujao iliuuza kabla haujafika, ikanunua wakati uliopita, na yote hayo ndani ya miezi 13. Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Meru anajua kwamba mbuni hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili, na hawezi kuung'oa kila mwaka kuuhamishia shamba jingine kisha akaulaumu kwa kukosa matunda. Tofauti yake na meneja wa klabu ni kwamba meneja anaweza kufukuzwa kazi kabla ya mavuno.

Mfano wa upande wa pili ni Joel Embiid wa Cameroon, ambaye naye alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akachaguliwa wa tatu na Philadelphia mwaka 2014, akakosa misimu miwili mizima kwa sababu ya mguu, na mwaka 2023 akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Kilichomwokoa si kipaji peke yake. Philadelphia wakati huo ilikuwa imeamua kupoteza mechi kwa makusudi ili ipate zamu nzuri za kuchagua, hata ikapoteza 72 kati ya 82 katika msimu wa 2015/16, na klabu isiyojali kushindwa ndiyo pekee inayoweza kumsubiri senta bila kuhesabu siku. Kwa mashabiki waliolipia tiketi zao, subira hiyo ilikuwa ghali mno.

Hatari nyingine iko katika mwili wenyewe, kwa sababu mifupa ya miguu na magoti ya mtu mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili hubeba mzigo mzito kila anaporuka na kutua. Greg Oden, aliyechaguliwa wa kwanza na Portland mwaka 2007 mbele ya Kevin Durant, aliichezea klabu hiyo mechi 82 tu kwa jumla, idadi ambayo mchezaji mzima huimaliza kwa msimu mmoja. Ndiyo maana kila mabadilishano huwa na sharti la uchunguzi wa daktari. Mwezi Februari 2025 Los Angeles Lakers walikubaliana na Charlotte kumpata senta Mark Williams, aliyekuwa na miaka 23, kwa kuwatoa Dalton Knecht na Cam Reddish pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2031. Siku chache baadaye madaktari wa Lakers hawakuridhika na mwili wake, makubaliano yakafutwa, na wachezaji waliokwisha kuaga wakarudi walikotoka. Miezi minne baadaye Phoenix Suns walimchukua Williams huyohuyo. Daktari mmoja aliona hatari isiyobebeka pale ambapo klabu nyingine iliona hatari inayobebeka, na hakuna kati yao anayeweza kusemwa kuwa alikosea kusoma picha.

Jambo moja katika habari hii lingestahili kuzungumzwa zaidi jijini Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: nchi wanachama wa jumuiya hiyo zimeipatia NBA masenta kwa wingi usiolingana na idadi ya viwanja vyake vya kikapu. Mutombo na Bismack Biyombo ni wa Kongo. Manute Bol, ambaye katika msimu wake wa kwanza, 1985/86, alizuia mitupo 397, alitoka eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Thabeet ni wa Tanzania. Maskauti wa Marekani huja kutafuta kimo kwa sababu hicho hakifundishiki, lakini mafanikio ya Mutombo yaliwafanya baadhi yao waamini kwamba yaliyobaki hufundishwa kwa urahisi, na hapo ndipo walipokosea hesabu. Kijana mrefu wa Monduli au Usa River anayeanza kucheza kwenye uwanja wa saruji wa sekondari akiwa kidato cha tatu ana upungufu wa miaka minane ya mazoezi ya miguu, mikono na macho, na upungufu huo haufidiwi na kambi ya wiki moja.

Aliye karibu zaidi na mkondo huo sasa ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Uganda, mwenye kimo cha takribani mita 2.18, aliyepitia chuo cha NBA nchini Senegal, akaichezea City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika na timu ya taifa ya Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kabla ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke. Mwezi Juni 2025 alichaguliwa wa kumi, na haki zake zikaingizwa katika mabadilishano makubwa yaliyompeleka Kevin Durant, aliyekuwa na miaka 36, kutoka Phoenix hadi Houston. Safari hii Houston ndiyo iliyomtoa kijana na kumchukua mzee, kinyume na ilivyofanya siku ya Battier. Usiku uleule wa drafti Phoenix ilikubaliana pia kumpata Mark Williams, hivyo Maluach alifika akimkuta mbele yake senta aliyemzidi umri na uzoefu, kama Thabeet alivyomkuta Gasol. Tofauti ni kwamba alikuwa na miaka 18 tu, na kwamba mwili wa mwenzake huyo ulikuwa umekwisha kutiliwa shaka na madaktari. Mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza una misimu miwili ya uhakika, na klabu hutakiwa kuamua kama inauongeza wa tatu karibu mwaka mzima kabla haujaanza. Kwa Maluach, tarehe ya mwisho ya uamuzi huo kwa mujibu wa kanuni ni 31 Oktoba 2026.