Afya ya Familia: Kikapu Kirudi Sokoni, Plastiki Itoke Jikoni



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Kweli, zile rambo za rangi zimepungua. Lakini sisi wauguzi tunaona kwamba plastiki imetoka mkononi ikabaki jikoni. Vifuko vile laini vinavyoonyesha ndani, ambavyo ni vya kufungashia tu, bado watu wanabebea nyanya, nyama na hata chakula cha moto, ingawa mwezi Aprili 2021 Serikali ilikataza visitumike kubebea bidhaa.

Hapa Igawa tupo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Msafiri ananunua chakula, anakula, kisha kifuko anakitupa dirishani. Mvua ikinyesha, taka hizo husombwa mpaka mto Mbarali, ambao unateremka kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu na kuungana na Ruaha Mkuu. Ng'ombe akimeza plastiki haimeng'enyi. Hujaa tumboni, mnyama hukonda na mwishowe hufa. Na mtaro ulioziba, au kifuko chenye maji ya mvua, ni mazalio ya mbu.

Madhara mawili ya jikoni

La kwanza ni chakula cha moto. Wapo wanaofunika wali kwa mfuko wa plastiki ili uive upesi, na wapo wanaofunga ugali au maharage ya moto ndani yake. Joto hulainisha plastiki, na baadhi ya kemikali zilizotiwa wakati wa kuitengeneza zinaweza kuingia katika chakula, hasa chenye mafuta. Tumia mfuniko wa sufuria au jani la mgomba lililooshwa. Ukienda kununua chakula, nenda na bakuli au hotipoti yako.

La pili ni kuwashia moto. Mama akikosa mafuta ya taa huchoma kipande cha plastiki ili mkaa ushike. Moshi wake una sumu, nao huumiza mapafu, hasa ya watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu. Tena plastiki inayoyeyuka hudondoka na kugandama kwenye ngozi, ikaendelea kuunguza.

Mtoto akiunguzwa hivyo, fanyeni haya:

1. Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20.
2. Msibandue plastiki iliyogandama.
3. Msipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.
4. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni hospitali mara moja.

Tunacho cha kwetu

Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kuagiza mifuko kutoka mbali. Akina mama wa Iringa husuka vikapu vya milulu, majani yaotayo mabondeni penye maji. Huyakata, huyakausha juani na kuyasuka yakaza hata kikapu kikabeba mzigo mzito. Wapo pia wanaosuka kwa ukindu, na mafundi wa matenga ya mianzi.

Kikapu kinapitisha hewa, kwa hiyo mboga hazitoi jasho na kuoza upesi kama zinavyofanya ndani ya plastiki. Kikitunzwa hudumu miaka. Kikichakaa, kitupe shimoni nacho kitakuwa mbolea. Na fedha unayokinunulia inabaki kwa mama jirani, ikamsaidia kulipia daftari na dawa.

Kikapu nacho kina masharti yake

Kikapu kichafu huleta ugonjwa kama chombo kingine chochote kichafu. Kwa hiyo:

- Nyama mbichi na samaki viwekwe katika ndoo ndogo au bakuli lenye mfuniko, visigusane na matunda wala mboga zinazoliwa bila kupikwa.
- Kikapu kikichafuka, kioshwe kwa maji na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Kikibaki na unyevu hushika ukungu.
- Kitundikwe ukutani, mbali na panya na mende.
- Dawa za kunyunyizia mpunga, mbolea na mafuta ya taa visiingie kamwe katika kikapu cha chakula. Kikapu kilichokwisha kubeba vitu hivyo kisirudi sokoni, hata kama kimeoshwa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kupunguza matumizi ya plastiki miongoni mwa matendo madogo ya kila siku yanayotunza nyumba yetu ya pamoja. Basi tuanze katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila familia iwe na kikapu kimoja cha sokoni, na akina mama wanaojua kusuka wawafundishe mabinti. Na akina baba nao wasione haya kubeba kikapu: mboga anayoibeba baba ndiyo hiyo hiyo watakayokula watoto wake.