Miti: Mwenye kuandika pointi aweke kaye juu ya meza

Karata ya mwisho inaanguka juu ya kartoni. Aliyemaliza anapiga mikono, wengine wanafungua karata zilizobaki mkononi na kuanza kuhesabu. Kiisha macho yote yanageukia mtu mmoja: yule mwenye biki. Mara nyingi hata hajamaliza kuandika, na swali limekwisha kutoka: «Umeandika ngapi?»

Swali hilo ni fupi, lakini limevunja michezo mingi, na limevunja hata urafiki. Huko Miti, katika eneo la Kabare, jimbo la Kivu Kusini, watu hawakosi nafasi ya kuliuliza. Miti ni kituo cha njia panda, safari isiyofika kilomita 30 kutoka Bukavu. Barabara ya taifa namba 2 inapita pale kuelekea Kavumu na Katana. Pale pale inaachana na njia ya kupanda Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, na kuendelea hadi Bunyakiri. Penye njia panda watu wanangoja: gari lijae, mzigo ufike, mvua ikatike. Na mwenye kungoja anatafuta karata.

Kwa nini kuandika

Mchezo unaojulikana sana kati ya vijana ni ule wanaouita kwa Kifaransa «huit américain». Kila mtu anatupa karata inayofuata rangi au namba ya ile iliyo juu. Anayemaliza wa kwanza ameshinda duru ile, na waliobaki wanahesabiwa zile walizo nazo mkononi. Kwa hesabu ya kawaida, 8 ni pointi 50, karata za picha ni 10 kila moja, na nyingine zinahesabiwa kwa namba yake. Lakini kila mtaa una desturi yake, na ni vizuri wachezaji wakubaliane mbele ya kuanza.

Duru moja haihitaji kaye. Duru kumi kwa watu wanne zinaihitaji: ni hesabu 40 ambazo hakuna kichwa kinachoweza kuzishika huku kikifikiri karata ya kutupa. Wakati wa vakansi, vijana wanapopanga turnuwa, meza zinakuwa nyingi na wachezaji wanabadilishana. Hapo karatasi ndiyo inasema nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Zawadi inaweza kuwa chupa ya soda, franka chache au heshima tu ya kuitwa bingwa wa mtaa. Hakuna anayependa kuipoteza kwa kosa la mwandishi.

Lakini kuna kuandika kwa namna mbili, na ugomvi unaanza pale watu wanapozichanganya. Namna ya kwanza ni kuandika pointi: hesabu ya wote, mali ya meza nzima. Namna ya pili ni mchezaji kujiandikia mambo yake: asi ngapi zimekwisha kupita, nani anapenda kuficha 8 hadi mwisho, nani anatupa picha haraka. Ya kwanza ni kazi ya kutumikia wengine. Ya pili ni silaha ya mtu mmoja. Yule anayeshika pointi akianza kuandika na mambo yake kwenye kaye ile ile, wengine hawawezi tena kujua anafanya kazi gani.

Kanuni za mashindano makubwa

Jambo hilo linasumbua meza kubwa za dunia pia, na kila mchezo umelijibu kwa njia yake.

Katika bridge, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, sheria ni kali. Wakati wa kunadi na wakati wa kucheza, mchezaji hana ruhusa ya kutumia kitu chochote cha kumsaidia kukumbuka au kuhesabu, isipokuwa wasimamizi wa shindano wameruhusu. Karata zilizopita zinabaki kichwani. Kukumbuka ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Magic: The Gathering, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1993, umechagua njia nyingine. Mchezaji ana ruhusa ya kuandika, lakini kwa masharti. Karatasi iwe tupu wakati pambano linaanza. Ibaki pahali pa kuonekana hadi mwisho. Mwamuzi anaweza kuiomba, na hata kumtaka mwenyewe aeleze alichoandika. Maandishi yaliyotoka nyumbani hayafunguliwi mchezo ukiendelea. Na asiandike polepole mpaka akachelewesha mwenzake, kwa sababu saa ni ya wote wawili.

Yu-Gi-Oh!, mchezo wa Wajapani, umechukua njia ya katikati. Kila mchezaji anaanza na pointi 8000 za uhai, na zinapungua kadiri anavyopigwa. Kuandika hesabu ya pointi hizo kunaruhusiwa, tena kila mmoja anaandika zake na za mpinzani wake. Kujiandikia mambo mengine hakuruhusiwi. Faida yake inaonekana haraka: karatasi mbili zikipingana, kosa linajulikana mara moja, si baada ya duru tano.

Watu wa karata wanaweza kujifunza pia kwa jirani yao, mchezo wa chess. Pale mchezaji analazimishwa kuandika kila hatua, lakini karatasi yake ni ya kazi hiyo na mambo machache tu kama saa. Mwezi wa 4 mwaka 2015, katika mashindano ya ubingwa wa Marekani huko Saint Louis, Wesley So, mmoja wa wachezaji kumi bora wa dunia wakati ule, alihesabiwa ameshindwa katika duru ya tisa, mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Hakuwa ameiba hatua yoyote. Alikuwa amejiandikia maneno ya kujitia moyo kwenye karatasi nyingine. Mwamuzi alikuwa amekwisha kumwonya katika duru za mbele, na mpinzani wake, Varuzhan Akobian, alipolalamika, mchezo ukafungwa.

Wengi walimhurumia. Lakini mtu aliyeketi ngambo ya pili ya meza hawezi kusoma moyo wa mwenzake. Anaona mkono unaandika tu. Kanuni imewekwa ili asilazimike kukisia.

Simu ni kaye nyingine

Siku hizi kaye haina lazima ya kuwa ya karatasi. Mwezi wa 7 mwaka 2024, huko Las Vegas, Jonathan Tamayo alishinda shindano kuu la poka duniani na kupata dola milioni 10. Maneno yaliyofuata yalikuwa juu ya rafiki zake: walikuwa pembeni ya meza na kompyuta, naye alikuwa akiwaendea kati ya duru na duru. Hakunyang'anywa ushindi, lakini watu wengi wa mchezo huo walikasirika, na wasimamizi wakakaza kanuni juu ya vyombo vya elektroniki.

Huko Miti kompyuta pembeni ya karata si jambo la kila siku, lakini simu iko katika mifuko mingi. Mtazamaji anayesimama nyuma ya mchezaji, kisha akaandika ujumbe, anaweza kuwa anamwandikia mama yake. Anaweza pia kuwa anampa mtu wa ngambo ya pili habari za karata alizoona. Wachezaji hawawezi kujua. Ndiyo maana desturi nzuri ni rahisi: anayesimama nyuma ya mchezaji haandiki, hapigi picha na hasemi. Akitaka simu yake, asogee pembeni.

Wanachojua tayari watu wa AVEC

Kanuni za Las Vegas na Saint Louis zinaweza kuonekana za mbali. Lakini wakaaji wengi wa Kivu wanajua jambo hili kwa njia nyingine: chama cha kuweka akiba na kukopeshana, kile wanachokiita AVEC. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE katika Niger mwaka 1991, na umeenea Afrika nzima.

Sanduku la chama lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kila mwanachama ana kitabu chake, na kila hisa anayonunua inapigwa muhuri akiangalia. Sekretere hapeleki hesabu nyumbani kwenda kuiandika vizuri usiku. Anaandika pale pale, wenzake wakiona na kusikia. Mama asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake kwa kidole, naye anajua kama wamemdanganya.

Hapa ndipo meza ya karata inaguswa zaidi. Si kila mchezaji anajua kusoma vizuri. Mzee anayecheza kwa akili kali anaweza kushindwa kusoma kaye ya kijana aliyemaliza masomo juzi. Pale, biki inakuwa nguvu. Mwenye kuandika akikosea kwa faida yake, mzee hana njia ya kumshika, na akilalamika anaonekana mgomvi. Heshima inataka mwandishi aseme kwa sauti kila anachoandika: «Mzee, umebaki na 23, ulikuwa na 41, sasa ni 64.» Na kama kuna asiyesoma, mistari midogo iliyofungwa tano tano, au mbegu za maharagwe ndani ya vikombe, zinafanya kazi sawasawa na namba. Kila mtu anaweza kuzihesabu.

Majina kwenye karatasi

Kuna sababu nyingine ya kuchunga kaye, na watu wa Kabare hawahitaji kuelezwa kwa kirefu. Tangu vita vya 1996, silaha zimepita mara nyingi katika sehemu hizi. Mwezi wa 2 mwaka 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani na Miti, ulishikwa na AFC/M23, kiisha mji wa Bukavu. Katika hali ya namna hiyo, mtu anayeketi pembeni akiangalia wengine na kuandika anaweza kuogopwa, hata kama anaandika pointi za karata tu. Na orodha ya majina kamili, yenye tarehe na pahali, ikianguka njiani, aliyeiokota anaweza kuipa maana nyingine.

Meza haihitaji majina kamili. Herufi ya kwanza inatosha, au jina la utani ambalo wachezaji wenyewe wamelichagua. Mgeni akija na kaye yake, aulizwe kwa upole anaandika nini, naye aoneshe. Kuonesha hakumpunguzii heshima. Kunawapa wengine amani ya kucheza naye.

Desturi saba za meza

Ukikusanya yote hayo, adabu ya kuandika wakati wa karata haizidi mambo saba, na turnuwa yoyote ya mtaa inaweza kuyasoma mbele ya kutupa karata ya kwanza:

1. Wachezaji wakubaliane mbele: pointi tu zitaandikwa, au kila mtu anaweza kujiandikia. Kisha kanuni isibadilishwe katikati ya mchezo.

2. Ukurasa uwe mtupu wakati wa kuanza, na kaye ibaki juu ya meza, wazi, si kwenye magoti wala mfukoni.

3. Mwandishi wa pointi awe mtu asiyecheza duru ile. Akikosekana, wawili waandike, na karatasi zilinganishwe kila duru.

4. Pointi zisemwe kwa sauti, na mwenye nazo akubali, kabla biki haijagusa karatasi.

5. Kosa likionekana, namba isifutwe mpaka isisomeke. Ikatwe kwa mstari mmoja, ya haki iandikwe pembeni, wote wakiona.

6. Anayejiandikia mambo yake asicheleweshe wengine. Akiona aibu ya kuonesha karatasi yake kwa mwamuzi, asiandike.

7. Mtazamaji asiandike wala kupiga picha nyuma ya mgongo wa mchezaji.

Anayeomba kuona kaye hapaswi kuambiwa kwamba anamwita mwenzake mwizi. Katika AVEC, hakuna anayekasirika sanduku linapofunguliwa mbele ya wote. Angekasirika kama lingefunguliwa peke yake. Mwandishi mwema anageuza kaye mwenyewe kabla hajaombwa, ili aliye ngambo ya meza aisome bila kuinama.

Na jioni, turnuwa ikimalizika, kazi ya mwandishi haijaisha bado. Anasoma jumla ya kila mtu tangu wa kwanza hadi wa mwisho, anangoja kama kuna mwenye neno, kisha anatangaza bingwa. Ukurasa unachanwa pale pale, karata zinarudi ndani ya boksi, na waliokuwa wakingoja gari la kwenda Bukavu wanakimbilia barabarani.